Ombi la Kurudishiwa Ruhani Wangu Mpaka Novemba 1989

Bi. Harusi Fumo,
Mtaa wa Shela,
Malindi.
Alhamisi, 25 Agosti 1988.

Kwa Daktari Ndirangu,
Sehemu ya Wagonjwa wa Nje.

Mheshimiwa Daktari,

Kwa umri, wewe ndiye wa kuniamkia mimi, maana mwanangu wa kwanza, yule anayefanya kazi hotelini Kikambala, nadhani amekuzidi miaka miwili. Kwa cheo, mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Kwa kuwa sijui Wizara yenu inasemaje juu ya jambo hili, naomba tuhesabu kwamba tumekwisha kuamkiana, kila mmoja kwa haki yake, tuingie katika shughuli.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kisha ukubwani nikasoma ngumbaru miaka miwili na wanawake wenzangu wa mtaani. Ukikuta kosa, lipite. Binti yangu Hafidha angeweza kunisahihishia, lakini barua hii sitaki aione, kwa sababu inamhusu yeye.

Daktari, nimekuja kukulalamikia. Umeniponya.

Kabla sijaorodhesha makosa yako, nami niseme haki. Miaka sita nilikuwa silali. Watu husema hawakulala wakimaanisha walilala kidogo. Mimi nilikuwa najilaza ubavu huu, nageukia ubavu ule, moyo unakwenda mbio kana kwamba kuna mtu ananifukuza, jasho linanitoka hata Julai, wakati wenzangu wanajifunika. Nilikuwa nakula chakula cha watu wawili na mwili unapungua. Nikishika kikombe cha kahawa, kilikuwa kinagongana na kisahani chake mpaka wageni wakidhani nawaharakisha waondoke. Nilikwenda zahanati moja, nikaambiwa ni umri unaingia, wanawake wote wa makamo ndivyo walivyo. Nilikwenda ya pili, nikaambiwa ni mawazo, nipunguze chai. Wa tatu alikuwa daktari mwenye chumba chake mjini. Huyo alinipa vidonge vya usingizi, nikalala kesho yake saa nne ya asubuhi, nimesimama, mwiko mkononi, na mchuzi wa watu ukaungua.

Hakuna hata mmoja aliyenitazama shingo. Wangeitazamaje? Mimi nikitoka nje nina buibui, na chini ya buibui nina mtandio. Waliona uso, wakauliza umri, wakaandika.

Basi jamaa wakanipeleka Sabaki kwa Bi Nyevu. Wewe umetoka bara na huenda humjui, kwa hiyo nakueleza. Bi Nyevu ni mganga wa Kigiriama, mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo, na watu wa mjini kwetu humwendea, ingawa mchana humkana. Alinifukiza ubani, akanifunika shuka jeupe, akaniuliza maswali, kisha akatangaza kwamba nina ruhani. Ruhani, Daktari, si pepo wa kuokota njiani. Ni jini mwenye adabu, mpenda usafi, na huyu wangu ilisemekana ametoka Maskati. Ndiye aliyekuwa haniachi nilale, kwa sababu yeye mwenyewe hana desturi ya kulala. Nilimwamini Bi Nyevu. Kati ya wote walionitazama, ni yeye peke yake aliyekubali kwamba nina kitu.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Namna ulivyonitazama. Siku ile ya Mei sikuja kwako kama mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mume wangu Badawi, karani wa mizani kwenye chama cha wavuvi, aliyeangukiwa na jiwe la kupimia kwenye kidole gumba cha mguu. Mimi nilikuwa msindikizaji. Nilikuwa nimemshika mguu ili umsafishe, mtandio ukateleza, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Ndipo ukaacha kidole cha mtu kinatoka damu ukanitazama shingo. Nilidhani hukulelewa vizuri. Kisha ukaniambia nimeze mate, nikameza. Ukaniambia ninyooshe mikono, ukaniwekea karatasi juu ya vidole, na ile karatasi ikatikisika yenyewe mbele ya watu. Ukanitoa damu ikapelekwa Nairobi, na mume wangu akarudi nyumbani anachechemea, ananung'unika kwamba yeye ndiye aliyeumia na mimi ndiye niliyetibiwa.

2. Namna ulivyosema. Majibu yaliporudi ulituita wote wawili, ukasema mlango ukiwa wazi, kwa sauti ya mtu anayeita abiria, kwamba sina jini wala sina mawazo, ila nina tezi shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayoukimbiza moyo na kuufukuza usingizi. Ukachora picha nyuma ya fomu: shingo, na juu ya shingo kitu kama kipepeo. Nilifurahi, sikatai. Katika nyumba yangu sijawahi kuona kitu kingine chochote kinachofanya kazi kupita kiasi isipokuwa mimi. Lakini nje ya mlango kwenye foleni alikuwako mama mmoja muuza samaki kutoka Ngomeni, na mama huyo ana masikio mazuri. Shika neno hilo la Ngomeni, nitalirudia.

3. Heshima yangu. Nilipokuwa na ruhani nilikuwa mtu. Nilivalishwa pete ya fedha yenye kijiwe cha akiki, kwa sababu ruhani aliitaka. Nilipewa mrashi wa kunyunyizia marashi. Nilipewa chumba changu chenye mlango unaofungika, kuta zikapakwa chokaa. Ilikatazwa mtu kupiga kelele nyumbani baada ya isha. Wanawake wa mtaa walikuwa wakija kunitazama na sahani za halwa zimefunikwa vitambaa. Tangu habari ya tezi itoke, sijaona halwa. Mtu hapeleki halwa kwa tezi, Daktari. Wanapita, wananiuliza kama navimba, wanakwenda zao.

Tena kuna jambo la ulimi. Zamani nikisema neno kali watu walisema ruhani amepanda, wakaomba radhi. Mwezi uliopita wifi yangu alileta biriani na wali wake umeshikana, nikamwambia wali huu hata kuku wangenuna. Mwaka jana angeinama akauliza ruhani anapenda wali wa namna gani. Safari hii alibeba sinia lake akaondoka, na kila alipopita alisema Harusi ana mdomo. Maneno ni yale yale. Aliyebadilika ni msemaji, na msemaji wa sasa hana ulinzi wowote.

4. Usingizi wenyewe. Nalala mpaka naona haya. Vile vidonge vyako vidogo vya rangi ya waridi nilivianza katikati ya Juni, na kufikia mwisho wa Julai nilikuwa nalala isha naamshwa alfajiri, na ninaamshwa kwa kutikiswa. Nguo zangu zimenibana. Nilikuwa nikishona kofia mbili za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, kwa mwezi, kwa kuwa nilikuwa na saa ambazo wenzangu hawana, na sasa ile niliyoianza Julai bado imekaa kwenye kikapu haijafika nusu. Badawi amesema tangu nianze kulala nimekuwa mpole, na kwamba mara ya mwisho kuniona hivi ni mwaka aliponioa. Nakuandikia jambo hili ili ujue kwamba sikuonei. Nimeona uzuri wa kazi yako na bado nalalamika.

5. Hili ndilo lalamiko lenyewe, na manne ya juu ningeweza kuyameza.

Hafidha ni kitinda mimba wangu, na katika nyumba yetu ndiye msichana pekee. Badawi ana kaka yake mkubwa, shemeji yangu Mahadhi, mwenye duka Ngomeni. Shemeji Mahadhi ana mtoto wa kiume, Kiponda. Kwetu sisi, binti wa ndugu mdogo hutakiwa na mtoto wa ndugu mkubwa kabla mtu wa nje hajafungua kinywa, na ndugu mdogo hana kauli mbele ya aliye mkubwa wake. Kiponda si mtu mbaya. Anajua kupima sukari na anajua kunyamaza, sifa ambazo wengi hawana. Lakini Hafidha alipomaliza darasa la nane mwaka wa themanini na tano na kupata nafasi ya kidato cha kwanza, Mahadhi alituma salamu kwamba sasa mtoto amekwisha kusoma, tupange siku. Badawi akajibu inshallah. Inshallah ya Badawi mbele ya kaka yake huwa ni ndiyo.

Mimi niliongea. Niliongea asubuhi nikimpa chai, niliongea mchana, niliongea mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia kwamba na mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa darasa la tatu, nimejua kujumlisha kwa kubeba, siku ya Jumanne baba akaja kunichukua katikati ya somo, na lile daftari likabaki juu ya dawati. Mpaka leo nikipita karibu na ile shule moyo unaniuma, na huo si ugonjwa wa tezi. Badawi alinisikiliza akasema maneno yangu ni mazuri, kisha akaenda kazini.

Wiki ileile tulikuwa na siku ya kwenda Sabaki. Wote walikuwapo, Mahadhi pia, kwa kuwa mkubwa wa ukoo hawezi kukosa jambo kama hilo. Bi Nyevu akanifunika shuka, akafukiza, akauliza ruhani anataka nini safari hii. Nilidhani atataka kanzu. Daktari, nakuambia kweli mbele ya Mungu, nilisikia kinywa changu kikisema kwa sauti nzito: "Mtoto wa kike asiolewe. Asome mpaka amalize. Akitolewa shule nitahama kwa Harusi, nitakwenda kukaa Ngomeni, nyumba ya mlango wa kijani, chumba cha kwanza mkono wa kulia."

Hicho ndicho chumba anacholala Mahadhi.

Mpaka leo sijui aliyesema ni nani. Nimejiuliza mara nyingi nikiwa peke yangu, na kila nikijiuliza napata jibu lingine. Ninachojua ni kwamba maneno hayo nilikuwa nimeyasema mimi kwa miezi miwili, kwa sauti yangu, na hayakumtikisa mtu. Yaliposemwa na Bwana wa Maskati, Mahadhi alisimama akatafuta viatu vyake. Kabla ya wiki kwisha alituma ujumbe kwamba elimu ni jambo jema na mtoto aanze mara moja.

Hafidha yuko kidato cha tatu sasa. Ni wa lile fungu la kwanza la mfumo mpya wa nane-nne-nne, na mtihani wake wa mwisho ni Novemba mwakani. Katika darasa lake hajawahi kushuka chini ya nafasi ya nne. Uliponichorea kipepeo chako, jioni yake alifungua kitabu cha biolojia akanionyesha kipepeo hicho hicho kimepigwa chapa, na jina lake, na kazi yake, akanisomea yote polepole mpaka nikaelewa kwa nini nilikuwa nasikia joto. Wewe ulichora, yeye akanieleza. Nilimtazama mtoto yule, nikasema moyoni, hapa ruhani hakukosea.

Lakini yule mama muuza samaki alifika Ngomeni kabla ya samaki wake kuharibika. Mahadhi ametuletea ujumbe: alhamdulillahi, amesikia shemeji yake amepona, na kwamba kumbe hapakuwa na jini ila nyama ya shingo. Kwa hiyo lile sharti limeanguka. Anakuja Jumapili hii, tarehe ishirini na nane, baada ya alasiri, kupanga siku ya harusi kabla shule hazijafunguliwa tarehe tano. Badawi amemjibu karibu. Tangu siku hiyo anatembea na picha yako ya kipepeo kwenye mfuko wa shati, mara anaitoa, anaitazama, anairudisha. Nimeogopa kumuuliza anafikiri nini.

Nilikwenda mpaka Sabaki kumuuliza Bi Nyevu, maana na yeye jina lake limo. Hakukasirika hata kidogo. Alicheka, akasema, "Mamaye Hafidha, daktari ameitazama shingo. Mimi niliitazama nyumba." Akanipa muhogo wa kuchoma nikarudi.

Basi, Daktari, kosa ni lako na dawa iwe yako. Naomba ufanye moja kati ya mambo yafuatayo, na ukiweza yote itakuwa vizuri zaidi.

(a) Utoe tangazo kwamba kipepeo kipo kweli, hukukosea, ila aliyekalia kipepeo ni ruhani. Sioni taabu ya jambo hili. Nyumba moja inaweza kuwa na mwenyewe na mpangaji. Ruhani abaki mpangaji mpaka Novemba 1989, na baada ya hapo naahidi kwa maandishi kwamba nitamtoa bila fujo.

(b) Ikiwa tangazo ni gumu, basi uniandikie karatasi ya dawa. Uandike: vidonge, kutwa mara tatu, binti kwenda shule, kutwa mara moja, siku tano kwa wiki, mpaka Novemba 1989, dozi isikatizwe, ikikatizwa mgonjwa atarudi alikokuwa. Uweke sahihi yako ile isiyosomeka, na muhuri, tena muhuri uwe na wino wa kutosha. Watu wetu wanaogopa jini, lakini jini akiwa hayupo wanaogopa muhuri.

(c) Ikiwa hata karatasi haiwezekani, uje nyumbani kwetu Jumapili saa kumi. Nyumba yetu ukiuliza kwa Badawi wa mizani utaonyeshwa. Uje na koti lako jeupe na ile mipira ya kusikilizia kifua. Mbele ya Mahadhi uniwekee shingoni, usikilize kwa muda mrefu, kisha ushtuke, urudi nyuma hatua mbili, na useme maneno machache kwa lugha asiyoijua. Kama huna Kiarabu, sema Kikikuyu. Shemeji atadhani ruhani amepewa uhamisho wa kikazi, na kwa kuwa yeye mwenyewe anaheshimu sana watumishi wa serikali, huenda ikafaa zaidi.

(d) Na ikiwa yote matatu yamekushinda, basi unirudishie ugonjwa wangu.

Usidhani nafanya mzaha hapa. Sitaki kukuficha. Vidonge vyako nimeacha kumeza tangu wiki mbili zilizopita. Nimevitia kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mwanamume ambaye amewahi kugusa. Moyo umeanza kurudia mwendo wake. Jana kikombe kiligonga kisahani, Badawi akaniangalia, mimi nikaangalia dirisha. Ukiutazama mwandiko wangu tangu ukurasa uliopita utaona unavyotikisika. Najua ulivyoniambia, kwamba tezi ikiachwa hivi moyo unaweza kuchoka ukasimama. Nimepiga hesabu. Kutoka sasa mpaka Novemba mwakani ni miezi kumi na mitano. Moyo huu umevumilia miaka sita bila kuuliziwa hali, kwa hiyo miezi kumi na mitano utaivumilia. Ukisimama baada ya hapo, mtoto atakuwa amekwisha kaa kwenye mtihani, na ukisimama kabla, hakuna atakayempeleka Ngomeni akiwa katika msiba wa mama yake.

Naogopa, Daktari. Nimezoea kulala. Sikujua usingizi ni kitu kitamu hivi, na kuuacha kwa hiari yangu ni kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Lakini kati ya usingizi wangu na daftari la yule mtoto nimekwisha chagua, na nilichagua siku nyingi.

Natumaini ombi langu limeeleweka na kwamba utalipa uzito unaolistahili. Nisalimie yule muuguzi mrefu aliyenichoma sindano bila kunidanganya kwamba haitauma. Nisalimie mzee wa langoni anayewaambia wagonjwa wote kwamba wamechelewa. Nisalimie wa dirisha la dawa, na wa maabara, na mama anayepiga deki asiyependa tukanyage. Hapa kwetu wote hawajambo, isipokuwa mimi, nami ni kwa makusudi.

Ni mimi, uliyeniponya bila kukuomba,

Harusi Fumo.

Baada ya sahihi:

Daktari, barua hii ilikuwa imekwisha fungwa na kubandikwa kwa unga wa ngano. Nilimpa Hafidha akuletee. Mlangoni akakutana na baba yake akirudi kutoka mizani, akaulizwa barua ni ya nani, na mtoto yule hajui kusema uongo. Tabia hiyo hakuipata kwangu.

Badawi ameisoma yote, ameketi barazani, mimi nimesimama nyuma ya mlango nikingoja nyumba iniangukie. Aliponiita nilikuta ameweka kofia yake chini. Akaniambia kwamba ruhani hakumwamini hata siku moja. Siku ile ya Sabaki, kabla ruhani hajatoa habari ya shule, alikohoa mara mbili, vikohozi vidogo, kama ninavyokohoa mimi nikitaka kumwomba jambo. Miaka ishirini na minane ameishi na kikohozi hicho, hawezi kukikosa.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikubali. Akasema Kaka Mahadhi ndiye aliyemlea yeye baada ya baba yao kufariki, ndiye aliyemvika kanzu yake ya kwanza, na tangu akili zake zimjie hajawahi kumwambia hapana. "Harusi," akasema, "mimi ndiye niliyemhitaji yule ruhani. Wewe ulikuwa umemwekea tu mahali pa kukaa." Akasema tangu ujumbe wa kaka yake ufike amekuwa akiitazama ile picha yako akiomba apate humo neno la kumwambia kaka yake, na hajapata. Nililia, na yeye akajifanya anatafuta kofia.

Kwa hiyo maombi yangu yote, (a) mpaka (d), yafute. Usije Jumapili, usiandike karatasi, Kikikuyu chako kiache. Kopo la chai limeshushwa. Kidonge cha mchana nimemeza, Badawi amenishikia gilasi mpaka tone la mwisho kama mtu anayemnywesha mtoto. Jumapili atazungumza na kaka yake yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Tangu alasiri yuko ukumbini anajizoeza mbele ya kabati, na mpaka ninapoandika maneno haya amefika kwenye "Shikamoo, kaka." Nimemwambia akikwama akohoe, nitatoka mimi, bila shuka na bila ubani.

Anayekuletea barua hii ni Hafidha mwenyewe. Usimshangae kwa kuvaa sare ya shule siku za likizo. Baba yake ndiye aliyemwambia aivae, na pasi ameipiga yeye.